Wasifu wa Tushi, Jumapili ya Tatu

Barazani kwetu, kaskazini mwa Kolkata, tulikuwa tumefika Jumapili ya tatu hatujamaliza karatasi moja. Ni wasifu wa Tushi, binti pekee wa Habul, wa kupelekwa kwa familia ya mchumba huko Durgapur, na lazima uwe wa Kiingereza, maana ndivyo watu wanavyopimana huku. Habul ni mgane, na wiki hiyo usingizi ulimpaa. Kosa moja tu, alisema, na wale watu wa Durgapur watamkataa mtoto wake. Chai ikaja kwenye vikombe vya udongo, tukaanza.

— Andika "she used to cook fish", alisema Poltu, ambaye zamani alisahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji.

— Una wazimu? nilimwambia. Hapo alikuwa akipika samaki, sasa kaacha! Sema "she is used to cooking fish". Amezoea.

— Amezoea? Mtu huzoea mafuriko, bwana.

— Basi "she is getting used to", alisema Habul kwa unyonge.

— Hapo ndio umemmaliza, nilimwambia. Miaka ishirini na saba, ndio kwanza anaanza kuzoea jiko?

Poltu akashusha sauti.

— Waingereza walituachia maneno haya matatu makusudi, tugombane. Ndiyo maana waliondoka kimyakimya.

— Hawakuondoka kimya, nilisema.

— Ulikuwepo?

— Sikuwepo.

— Basi nyamaza.

Nikawaambia kuhusu karani wa reli aliyeandika la kwanza akikusudia la pili, akastaafishwa kesho yake. Nilitunga, lakini Poltu alikuwa ananizidi.

Hapo akatokea mama mmoja na mkoba, akamuulizia Habul.

— Ndiye mimi.

— Mimi ni mama yake Onirban, wa Durgapur. Nimeona karatasi haifiki, nikapanda treni.

Habul alisimama ghafla, chai ikamwagikia wasifu. Mama Onirban aliupokea hivyo hivyo, akaukunja, akautia mkobani bila kuusoma.

— Baba Tushi, nina swali moja tu. Jumapili ijayo binti anakuja kula kwangu. Kwenye samaki, anapenda kipande gani?

Habul akatutazama. Mimi na Poltu tumekula mapishi ya Tushi tangu mama yake afariki, miaka kumi na moja sasa. Kichwa huwa cha baba yake. Minofu ya tumbo huwa yetu wageni. Niliona aibu.

— Mkia, alisema Habul mwishowe. Kila siku anakula mkia.

— Anaupenda, au ndio unaobaki?

Poltu, mwenye jibu la kila kitu, akainamia kikombe kitupu.

— Ngoja nikamuulize, Mama Onirban, alisema Habul, akapanda ngazi za kwake taratibu, akimwita bintiye kwa jina.