Arbia Sugow, Aliyeyakaribisha Maziwa

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Salamu kwenu mlio majumbani, madukani na njiani. Kama una kikombe cha chai mkononi, usikiweke chini. Kishike tu. Leo tunamkumbuka mama ambaye huenda chai yako moja imewahi kupita mikononi mwake, hata kama hukupata kumwona.

Jina lake ni Arbia Sugow. Arbia Sugow wa Iftin, hapa hapa Garissa. Alituacha alfajiri ya Alhamisi iliyopita, nyumbani kwa binti yake Roda, akiwa na miaka sitini na minane. Akazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Wengi mnaujua mkahawa wa Galool. Ule wenye vioo virefu na vitambaa vyeupe mezani, na baridi ya mashine inayokufanya utafute koti katika mji ambao koti halina kazi. Wakubwa hula pale. Maharusi hupigwa picha pale. Ukifika na viatu vya vumbi utavifuta kwanza kwenye miguu ya suruali. Usinikatalie, hata mimi nimefanya hivyo.

Basi katika mkahawa huo, kwa miaka kumi na miwili, chai haikuchemka kabla Arbia Sugow hajasema neno. Nasema tena, miaka kumi na miwili. Hakuwa mpishi. Hakuwa mhudumu. Kazi yake ilikuwa kuonja maziwa.

Alizaliwa kwa wafugaji, upande wa Bura, kule Fafi. Mama yake alikuwa na kazi ya kufukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa kuni, ili maziwa yakae bila kuharibika, na Arbia alikua kwenye moshi huo. Roda anasema mama yake alipokuwa msichana mdogo aliweza kuonja maziwa ya ngamia na kukuambia kama mnyama amekunywa maji jana au juzi. Akaolewa na mfugaji, Jelle. Kiangazi kikaja, kikala ngamia mmoja mmoja. Kisha Jelle naye akaugua na kufariki. Arbia akaingia mjini na Roda mgongoni na mitungi miwili ya plastiki. Kwa karibu miaka thelathini akauza maziwa kando ya barabara, juani.

Galool ulipofunguliwa, mwenye mkahawa, Bwana Abdihafid, alikuwa na kila kitu isipokuwa bahati ya maziwa. Wiki ya kwanza chai ilikatika mbele ya wageni mara tatu. Mabonge yanaelea, mgeni anaangalia kikombe, kikombe kinamwangalia mgeni. Abdihafid akaenda kwa akina mama wa maziwa, akauliza ni nani kati yao anayeyajua maziwa kweli kweli. Wote wakamnyoshea kidole mtu mmoja. Na wanawake wanaouza kitu kimoja mahali pamoja kukubaliana juu ya mwenzao, wasikilizaji wapendwa, hilo si jambo la kila siku.

Akaanza hivyo. Kila asubuhi gari la Bura lilileta mitungi mlango wa nyuma wa jikoni. Arbia anafungua kifuniko, ananusa. Anachota kwa kijiko chake cha bati, anaonja, anatazama juu kidogo. Maziwa yakiwa mabaya anasema, "Rudi, salimia ngamia." Yakiwa mazuri anayaambia kwa Kisomali, "Soo dhawow." Yaani karibu. Aliyakaribisha maziwa kama mgeni aliyetoka mbali na miguu inamuuma. Mitungi haikuvuka kizingiti bila neno hilo.

Wafanyakazi wote walimwita Eeddo, yaani shangazi. Na ushangazi wake haukuwa wa mdomo mtupu.

Chukua Abdikafi, mpika chai. Alitoka kambi za Dadaab, hana baba wala ndugu hapa mjini. Alipotaka kumwoa Hinda, hakuwa na mzee wa kwenda kuzungumza kwa niaba yake. Arbia akamwazima kaka yake. Alimwambia kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali, "Chukua huyu, anaongea fizuri, lakini usimbe chai nyingi, atasahau kilichomleta." Ndoa ikafungwa.

Chukua Filsan, msimamizi wa wahudumu. Amesomea kazi ya hoteli Nairobi, ana cheti na ana Kiswahili cha vijana. Baba yake, mzee wa mtaa wa Waberi, hakutaka binti yake ahudumie watu asiowajua. Arbia akaenda Waberi, akanywa chai vikombe vitatu bila kutaja lililomleta. Cha nne akakisukuma kando, akasema, "Mimi niko mlango ya nyuma. Kabla ya kufika kwa mtoto yako, mtu lazima anibite mimi." Mzee akakubali, kwa sharti kwamba siku Arbia atakapoondoka Galool, Filsan naye ataondoka.

Na chukua mpishi mkuu, Shefu Mutinda, mtu wa Mwingi. Mama yake alipofariki, Arbia alipanda gari akaenda Mwingi mazishini. Akakaa na akina mama wa kanisa, akamenya viazi kutwa nzima. Mutinda anasema, "Sikumwomba. Nilimwona tu amekaa pale na kisu."

Shikeni hayo, yana kazi huko mbele.

Miaka mitatu iliyopita homa kali ilimlaza Arbia wiki mbili. Akapona, akarudi kazini. Asubuhi ya kwanza akafungua mtungi, akanusa. Hakuna harufu. Akaonja. Hakuna ladha. Akaonja tena. Ilikuwa sawa na kulamba kijiko kikavu.

Homa ilikuwa imeondoka na ulimi wake.

Hakumwambia mtu. Aliogopa. Tuseme ukweli, mtu mzima huogopa sana kuambiwa, "Umefanya kazi ya kutosha, sasa kaa nyumbani." Na hakuogopa kwa nafsi yake peke yake, maana alilikumbuka sharti la mzee wa Waberi. Akasema, "Soo dhawow," na maziwa yakaingia.

Siku tano mambo yalikwenda. Ya sita yakaharibika. Ilikuwa siku ya wazee waliokuja kuposa, familia mbili meza moja, watu wazito. Chai ikamiminwa, na chai ikakatika. Baba wa msichana akachungulia kikombe chake, akauliza kama posa yenyewe nayo itakuwa na mabonge.

Abdihafid akaingia jikoni macho mekundu. "Nani ameharibu maziwa?"

Arbia alikuwa nje ya mlango wa nyuma. Alisikia kila neno.

"Ni mimi," akasema Abdikafi. "Sufuria haikuoshwa vizuri."

"Si yeye, ni mimi," akasema Shefu Mutinda. "Nilikuwa nakamua ndimu hapo karibu, ikaruka."

"Bosi, wacha hao," akasema Filsan. "Hapo ni mimi nilichoma, kosa langu. Nilisahau maziwa nje ya friji."

Abdihafid akawatazama mmoja mmoja. "Sufuria moja ya maziwa imeharibiwa na watu watatu? Mlipanga zamu?" Kisha akasema neno ambalo halikuwa la mzaha. Maziwa yakikatika tena mbele ya mgeni, aliyehusika ataenda nyumbani, awe nani.

Kuanzia kesho yake Abdikafi alifika kazini mapema kuliko wote. Alionja mitungi, halafu akaipanga. Mizuri, mkono wa mtungi ulielekea jikoni. Mibaya, mkono ulielekea ukutani. Hakumweleza Arbia chochote. Arbia alipofika akaitazama mitungi kwa muda. Mtu aliyeishi na mitungi miaka yote hiyo anajua kwamba haijipangi yenyewe.

Akanusa, akaonja, akafuata mikono ya mitungi. Kwa miezi saba, wasikilizaji wapendwa. Miezi saba Abdikafi alionja na Arbia akakaribisha, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Roda anakumbuka jioni moja mama yake alivyocheka peke yake akikunja nguo. Akamuuliza kuna nini. "Wale watoto wananishika mkono kama kipofu," akasema. "Wanadhani sijui." Kisha kicheko kikaisha, akaketi na ile nguo mapajani.

Ikafika asubuhi ya harusi kubwa, wageni themanini. Abdihafid mwenyewe alisimama mlango wa nyuma kuhakikisha kila kitu. Mitungi minne ilikuwa chini. Mikono ya mitungi ilielekea kila upande, kwa maana Abdikafi hakuwepo. Hinda alikuwa ameshikwa na uchungu alfajiri, na Abdikafi alikuwa hospitalini naye.

Arbia akaielewa hali mara moja. Akafungua wa kwanza, akanusa. Akachota, akaonja. Hamna. Akautikisa, akausikiliza. Filsan alikuwa nyuma ya Abdihafid, amejishika mashavu. Shefu Mutinda alikuwa na kitunguu mkononi, hakikatwi wala hakiwekwi chini. Hao wawili walijua hali yake. Aliyekuwa hajui ni mwenye mkahawa peke yake.

Angeweza kubahatisha. Kwa macho yake maziwa yote yalikuwa sawa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini maziwa yakikatika mbele ya wageni themanini, wale watatu watakimbilia tena kubeba kosa, na safari hii mmoja ataenda nyumbani kwa ajili yake. Abdikafi, labda, siku mtoto wake anazaliwa.

Akageuka, akamnyoshea Filsan kijiko. "Onja wewe."

"Eeddo, mimi?"

"Onja. Ulimi yangu imekufa tangu ile homa. Nyinyi mnajua. Leo Abdihafid pia ajue."

Abdihafid akamgeukia.

"Eeddo," akasema, "miezi hii yote umekuwa ukikaribisha maziwa usiyoyajua?"

"Wageni ya hoteli yako pia wengi siwajui," akajibu Arbia. "Nakaribisha tu."

Shefu Mutinda ndiye aliyeanza kucheka, na kitunguu chake. Filsan akafuata, huku analia. Abdihafid alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Akavuta kiti cha jikoni, akakiweka karibu na mlango. "Basi kaa hapa," akasema. "Kama ulimi umekwenda, elimu haijakwenda. Wafundishe hawa."

Filsan akaonja yote minne. Mtungi wa tatu ulikuwa umeanza kuchacha. Arbia alimwambia Roda baadaye kwamba huo wa tatu ndio aliokuwa tayari kuukaribisha.

Adhuhuri Abdikafi akafika mbio, amepata binti. Alitaka kumpa mtoto jina la Arbia. Eeddo akakataa. "Jina yangu bado natumia," akasema. Mtoto akaitwa Ugbad.

Kwa zaidi ya miaka miwili Arbia alikaa kwenye kiti kile akifundisha. Namna ya kusikiliza mtungi ukitikiswa. Namna ya kugusa plastiki na kujua maziwa yamesafiri juani kwa muda gani. Namna ya kumtazama usoni muuzaji kabla ya kutazama anachouza. Abdikafi na Filsan wakaonja, naye akasema neno. Roda anasema hiyo ndiyo miaka mama yake alikuwa na furaha kuliko yote. Alikuwa anatoka nyumbani asubuhi anaimba.

Wiki iliyopita homa ikarudi. Siku tatu, akapumzika.

Galool ukafungwa Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi asubuhi gari la Bura likaja, na Sadiyo, mama anayeleta maziwa, akashusha mitungi minne. Abdikafi akaonja yote. Yote yalikuwa mazuri. Akafungua mdomo ili aseme, sauti ikakataa. Akamtazama Filsan. Filsan akatazama chini. Baba yake, yule mzee wa Waberi, alikuwa amemwambia kwenye matanga, mbele ya watu, "Kesho nenda kazini. Pale mlangoni pasikae patupu." Alikuwa ameenda, ndiyo. Lakini neno lilimshinda. Mitungi ikakaa nje, na jua linapanda. Kiti kiko pale pale. Sadiyo akaketi chini akasubiri. Hakumharakisha mtu.

Mwishowe Shefu Mutinda akatoka jikoni, mtu wa Mwingi, ambaye miaka yote hajajifunza Kisomali zaidi ya salamu. Akavua kofia yake nyeupe, akaishika kifuani. Akainama kwenye mitungi.

"Soo dhawow," akasema.

Sadiyo akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Ametamka vibaya," akasema, "lakini maziwa yamesikia."

Na chai ikachemka.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Arbia Sugow, Arbia Sugow wa Iftin. Kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa binti yake Roda, kwa kaka yake, kwa jamaa wote wa Bura, na kwa Abdikafi, Filsan, Shefu Mutinda na Bwana Abdihafid. Mwenyezi Mungu amrehemu, amfungulie mlango, na amkaribishe kama alivyokaribisha yeye.

Nawe mwenye kikombe mkononi, fikiria jambo hili kabla hujanywa. Pengine kuna mtu anayeigeuza mitungi yako kila asubuhi, kimya kimya, ili usianguke. Ukimjua, mwambie unajua. Arbia alichukua miezi saba. Sasa kunywa, isije ikapoa.