Shahidi wa Pili

Mlio ulikuwa mmoja tu, usiku wa kuamkia leo, mlio wa bati kupiga bati, kisha nyumba nzima ikanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo. Ulikuwa mfuniko wa sanduku langu la kanisa, la vitabu vya kikao. Sanduku hilo nimelifungua na kulifunga miaka thelathini na minne, wanangu, najua linavyolia likiachiwa na mkono wenye haraka, na najua linavyolia likiachiwa na mkono unaotetemeka. Sikuita. Sikuuliza ni nani. Nililala macho wazi mpaka kulipopambazuka, ndipo nikamwambia kitinda mimba wangu aende kumwita Fundi Cherehani. Amekuja. Yuko sebuleni, kwenye kile kiti cha karibu na mlango, na mlango wa chumba hiki nimeagiza uachwe wazi ili anisikie. Basi sikilizeni, wanangu, wote watatu, wala msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kugawana na maswali.

Nianze na vitu, kwa sababu vitu ni vyepesi. Karakana ni ya kitinda mimba, pamoja na randa zote, misumeno, na ile meza ya kazi ambayo mguu wake mmoja ni mfupi. Usiurefushe, mwanangu, jifunze kufanya kazi nao. Shamba la chini ya barabara ni la kifungua mimba. Shamba la juu, la karibu na kisima, ni la binti yangu, na asije mtu akasema mwanamke harithi. Yuko mzee wa kanisa aliyewahi kusema hivyo kikaoni, nikamwandika neno kwa neno, na aibu yake imo kitabuni hadi leo. Nyumba msiigawe, kaeni ndani yake. Jeneza langu nilishalitengeneza mwenyewe, liko nyuma ya karakana, mmelijaza mahindi. Toeni mahindi kwanza.

Na mwalimu wa kwaya. Miaka kumi na mmoja hatujapeana mkono kwa ajili ya kinanda, yeye akitaka kikae kulia, mimi nikitaka kushoto. Mwambieni alikuwa na haki, kulia kinasikika vizuri zaidi. Ila msimwambie nikiwa bado hai, atakuja kuniimbia.

Cheka, mwanangu, cheka sasa. Baada ya hapa sina la kuchekesha.

Mnajua jinsi kanisa letu linavyoongozwa. Hatuna askofu. Tuna wazee mliowachagua wenyewe, na mchungaji huketi mezani pamoja nao, sauti yake moja na zao moja moja. Wanalokubaliana, karani huliandika, na kikao kinachofuata karani husimama akalisoma, mwenyekiti akauliza kama ndivyo ilivyokuwa, wawili wakanyoosha mikono, na tangu hapo ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa karani. Nimeona kwa macho yangu mambo ambayo hayakuwako yakinyooshewa mikono, yakawa ndivyo yalivyokuwa.

Miaka ishirini na sita iliyopita, Fundi ndiye aliyetunza kitambaa cha Meza ya Bwana. Alikidarizi kwa mkono wake, pindo zima masuke ya ngano, na kilikuwa kinalala kwake kwa sababu ofisi ya kanisa ilivuja. Alikuwa na mwanafunzi mmoja wa kushona, na mwanafunzi huyo alitoka nyumba hii. Dada yenu huyu, ndiyo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nalisema kwa sababu kila mtu analijua, hakuna siri hapo.

Jumamosi moja, kesho yake tukitarajia Meza, kitambaa hakikuonekana. Jioni hiyo mtu alinijia karakanani nikiwa nanoa patasi, akaniambia kwamba Fundi amekikata na kukifanya bitana ndani ya gauni la bibi harusi wa mwenye duka. Nikamuuliza, umeona? Akasema, nimeona. Hakunitazama usoni. Nikadhani ni haya.

Bibi harusi alikuwa ameshaondoka na gauni lake, siku mbili za safari. Tungeandika barua moja tu tukangoja majibu. Hatukungoja. Mchungaji wa wakati ule, tuliyemwita Saa Sita kwa kuwa ibada yake haikuisha kabla ya hapo, alituita jioni ile ile, taa moja mezani, wazee tisa na vivuli vyao. Akauliza, "Mashahidi wangapi?" Kanuni yetu inataka wawili. Nikasema, "Wawili." Akauliza, "Wa pili nani?"

Nikasema, "Mimi."

Mimi, wanangu. Nilichoshuhudia ni kwamba niliambiwa. Wazee tisa wenye akili zao, na hakuna aliyeniuliza niliona nini, maana mwandiko wangu ulikuwa mzuri na sikuwahi kukosea tarehe. Nikaandika, mashahidi wawili wanaoaminika. Kisha Fundi akaitwa, akasimama mbele yetu na sentimita yake ya kupimia bado shingoni, akauliza, "Nani amenisema?"

Saa Sita akamjibu, "Kikao ndicho kinachokusema."

"Kikao hakina macho, Mchungaji. Macho ni ya mtu. Nitajieni mtu."

Tukamtoa nje. Tulipomwita tena ilikuwa kumwambia kwamba ametengwa na Meza mpaka atubu. Hakulia. Alituangalia mmoja mmoja kama anayetupima mabega, akasema, "Nitakaa mlangoni mpaka mnitajie." Na tangu siku hiyo amekaa mlangoni, benchi la mwisho, mvua ya upepo ikimpata peke yake, watoto wa shule ya Jumapili wakimwita Mama Mlangoni bila kujua wanachosema. Wateja walimkimbia. Mumewe akahamia kanisa lingine kwa hasira, akazikwa na watu wasiomjua. Yeye hakuhama. Kila mwaka aliandika barua ya mstari mmoja, naomba nitajiwe aliyenisema, na kila mwaka nilimjibu kwa mstari mmoja, suala lako lilishaamuliwa. Barua ishirini na sita. Zimo sandukuni, zimefungwa kwa uzi wake mwenyewe.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Mwaka wa tatu nilipanda darini kubadilisha mbao juu ya chumba cha nyuma. Nikakuta gunia limekunjwa na kusukumwa mpaka pembeni kabisa, na ndani ya gunia kitambaa cha Meza. Hakikukatwa. Kilikuwa kizima, masuke yote, ila katikati kuna alama ya pasi ya makaa, ya kahawia iliyokolea, umbo lake lote, mpaka ncha. Nilikaa kule juu gizani mpaka mkaniita kula. Nilielewa kila kitu. Pasi iliyozidi moto, mkono wa mtu anayejifunza, Jumamosi ya kuamkia Meza, na baba karani. Yule mtu hakumwogopa Mungu siku ile, aliniogopa mimi.

Nikashuka nikasema dari ina mchwa.

Kwa nini nilinyamaza? Kifungua mimba, naona unataka kunisaidia kujibu, usinisaidie. Nilijiambia namlinda mtoto. Uongo. Shahidi wa kwanza akianguka, wa pili anaanguka naye, na wa pili ndiye karani, na karani akianguka, nani atajua ni mihutasari mingapi mingine iliyosomwa ikanyooshewa mikono? Nilikuwa nalinda mwandiko wangu. Nikakilaza kitambaa chini ya vitabu, nikafunga sanduku.

Nanyi mnajua kwamba sisi wazee ndio tunaopitisha sahani ya mkate, benchi kwa benchi. Ukiwa umeishika sahani unaona mikono ya watu kuliko nyuso zao. Tangu mwaka Fundi alipotengwa nimeuona mkono mmoja unachukua kipande, unakwenda mdomoni, unarudi ukiwa umefumbwa, unaingia kwenye leso. Kila Meza. Nimelala nikiwaza mkate ule huishia wapi, kama huzikwa, kama hupewa kuku. Mtu mmoja hajala miaka ishirini na sita, nami nimekuwa nikimpelekea sahani, nikisogea mbele.

Hapana, kitinda mimba, usiniulize ni nani. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Na wewe, kifungua mimba, ukisema yamepita, yamepita kwako uliyekuwa bweni chuoni. Hapa hayajapita. Yamekaa nasi mezani, yamekua pamoja nanyi, yana umri mkubwa kuliko ndoa zenu.

Sasa Jumapili. Jumapili binti yangu atapiga magoti awekewe mikono, awe mzee wa kanisa, na kikao kimempa mtaa wangu. Wiki inayofuata atazunguka nyumba kwa nyumba na kadi za Meza, ambazo aliyetengwa hapewi, kama nilivyozunguka, na katikati ya mtaa huo kuna lango la Fundi. Mimi nimelipita lango lile mara nyingi. Cherehani yake ilikuwa ikinyamaza nikikaribia, ikaanza tena nikishapita. Mara ya kwanza miguu ilikuwa mizito hata nikashika ukuta. Mara ya pili nikapita nikiimba. Mara ya tano sikuhisi kitu. Hiyo mara ya tano ndiyo ninayoiogopa, wanangu, kuliko hiki kinachonikaba kifua. Sitaki mtu wa damu yangu aifikie. Atakayeifikia hatarudi, nimejaribu kurudi, ndiyo maana najua.

Aliyefungua sanduku usiku nadhani alikuwa akitafuta muhtasari kabla ya Jumapili. Amekuta kilicho chini yake. Basi sasa anajua kwamba najua. Tumefichana miaka yote hiyo chini ya paa moja, tukipeana chumvi.

Mtauliza kwa nini nisimtaje mwenyewe. Nikimtaja, nitakuwa nimemshtaki mtu mbele ya watu bila yeye kusimama, na hilo nimeshalifanya mara moja. La kwangu nalisema. Fundi, unanisikia huko? Shahidi wa pili nilikuwa mimi, na sikuona kitu. Sikuona kitu, Fundi. Kifungua mimba, chukua kalamu uandike hivyo hivyo, nakala moja kwa kikao, moja kwa presbiteri iliyo juu yake, usiongeze maneno mazuri. Nitatia kidole. Leta... hapa. Imeshika wino? Vizuri.

Ibada yangu ifanyike mlango wa kanisa ukiwa wazi, hata mvua ikinyesha. Msinizike kwenye safu ya wazee wa kanisa kabla Fundi hajaketi Mezani. Mniweke popote, udongo ni ule ule. Wasifu wangu uwe mfupi. Atakayetaka kusoma neno mwaminifu, mnyang'anyeni karatasi.

Nani amefunga dirisha? Liko wazi? Basi ni macho.

Sogeeni. Mikono yenu. Huu ni wa kifungua mimba, una wino. Huu wa mdogo, una gundi ya mbao kama wangu. Mungu awape midomo isiyochelewa. Awape usingizi... usingizi msioununua kwa kunyamaza. Mkiketi kula, mle, mmeze. Baraka yangu ni hiyo, sina nyingine.

Mkono wa tatu uko wapi?

Mwacheni. Amesimama, mwacheni apite. Kifungua mimba, ondoa mguu wako njiani. Nasikia... hatua zake nazijua tangu alipoanza kutembea. Moja. Zimesimama. Zimefika mlangoni. Fundi, usiinuke, kaa, wewe umengoja miaka mingi. Binti yangu, sauti. Sauti kidogo, masikio yangu... yanatangulia...

"Fundi, aliyekusema ni mimi. Mimi, mwanafunzi wako."