Toroli la Pamba Lililomuua Jaafar

Mwaka 1911, siku ya pili baada ya kumzika Jaafar, tulikaa barazani, mtaa wa Langoni, mbele ya karakana ya seremala Abdulghafur, tuliyemwita Randa. Muuza kahawa alitumiminia, tukashika vikombe bila kunywa. Pamoja nasi walikuwapo Kamaludin, tuliyemwita Karani kwa kuwa alisoma hesabu Mombasa, na Famau Mabega, aliyekuwa akisukuma toroli bega kwa bega na marehemu kwenye shamba la pamba huko bara, nyuma ya Mokowe. Toroli lile hupakiwa marobota, watu wanne hulisukuma juu ya reli mpaka lishike mbio, kisha hupanda lenyewe mwinuko wa gati. Jaafar alianguka pale pale mwinuko unapoanza. Hakuinuka tena.

— Mtu mzima, mwenye afya yake, hafi kwa kusukuma, alisema Randa. Hakula huyo.

— Alikula, Famau akajibu. Sahani moja na mimi. Muhogo na papa.

— Basi ni chuma. Ile reli hunyonya nguvu za watu. Mimi nimewaona vibarua wakitoka kule, mato yamewaingia ndani ya uso.

— Kila mtu alitoka vile, Bwana. Ni jua.

— Au basi wamepitisha ndia ya reli juu ya kaburi la kale. Wenyewe wamedai mtu wao!

— Randa, Famau akasema, sauti imemshuka. Mkewe marehemu, Mwanatumu, amekaa eda nyuma ya ukuta huu. Anasikia.

Mimi nikamuuliza Famau kama kuna lililobadilika siku ile.

— Lilibadilika moja. Siku zote tukianzia mlango wa ghala. Msimamizi wa shamba akahamisha marobota, akatwambia tuanzie nusu ya ndia. Na mwinuko ni ule ule, lazima toroli lifike pale na mbio zile zile, ama hurudi nyuma likatuponda.

Karani alikiweka kikombe chini.

— Mzigo ule ule? aliuliza.

— Ule ule.

— Zamani mlisukuma kwa muda gani?

— Tukihesabu pamoja. Tukifika kumi na mbili, twaliachia. Siku ile tuliliachia kwenye sita.

— Lahaula! Sikilizeni. Mzigo ni ule ule, mbio za mwisho ni zile zile, basi kazi iliyoingia katika toroli ni ile ile. Iite mafungu kumi na mbili. Zamani walitoa fungu moja kwa kila hesabu moja. Siku ile kazi ile ile imegawanywa kwa sita. Mafungu mawili kila hesabu. Watu wanne wametolewa nguvu za watu wanane.

— Mara mbili tu? Randa akasema. Mtu hubeba mara mbili, Karani. Mimi nimebeba.

— Huo ni wastani, Bwana. Mwanzo toroli huenda polepole, mtu hatoi nyingi. Kadiri linavyokwenda kwa kasi, naye akisukuma vile vile, hutoa zaidi. Mwisho kabisa hutoa mara mbili ya ule wastani. Yaani mafungu manne, pale pale kabla ya kuachia.

— Pale mwinuko unapoanza, nikasema.

— Pale.

Famau alifunika uso kwa viganja.

— Nilimsikia, alisema. Kwenye tano alikuwa hahesabu tena. Nilidhani anabana pumzi. Nami sikuweza kuacha, toroli lingeturudia.

Randa alianza kusema habari ya jini wa bara, akaiacha katikati.

Mtu aliyekuwa amesimama kando ya baraza akasogea. Hatukumjua. Kanzu yake ilikuwa imelowa maji ya chumvi mpaka magotini.

— Asalaamu alaykum. Mimi ni Wazir, nimetoka Pate. Jaafar ni ndugu yangu, mama mmoja. Habari ilinifika nikiwa bandari ya Mtangawanda, nikapanda chombo cha kwanza. Nimechelewa maziko.

Tukainuka sote, tukampa mkono. Muuza kahawa akamjazia kikombe, naye akakishika bila kukitazama.

— Nimewasikia, alisema. Bwana Karani, nimekuelewa. Ila mimi nataka kuuliza. Ile pamba ilikuwa ikiwahi nini?

— Meli, Randa akajibu upesi. Bila shaka meli.

Wazir akamgeukia Famau.

— Meli ilikuwapo?

— Haikuwapo, Bwana. Yasemekana itakuja mwezi ujao.

— Na marobota?

— Yako gatini. Niliyaona yana alasiri, yamefunikwa turubai.

— Basi yule msimamizi alikuwa na haraka ya nini?

Famau alimtazama Karani. Karani akasema hilo halimo katika hesabu yake. Wazir alisubiri, amesimama na kikombe chake, mpaka kahawa ikapoa.