Babu Lenzi na Paa la Kijani

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Lenzi, aliacha maagizo kuhusu wasifu huu. Alimwambia binti yake wa kwanza, ambaye ndiye anayeusoma, kwamba wasifu mwingi aliousikia makaburini ulikuwa umepakwa rangi mbili tatu juu ya ile ya mwanzo. "Andika nilivyokuwa," alisema. "Na lile la paa usiliruke." Basi hatutaliruka, ila tutaanza alikoanzia.

Alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la kutengeneza saa, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa fundi saa na mama yake alifua mashuka ya hoteli. Alipokuwa na miaka saba, mteja mmoja aliacha dukani kichwa cha treni cha kuchezea, cha bati, chenye springi iliyokatika, akaahidi kukifuata Ijumaa. Hiyo Ijumaa haijafika mpaka leo. Springi ilitengenezwa, na mtoto wa nne akakilaza kile kichwa chali juu ya meza, akakitazama weee, kisha akauliza: "Baba, hii skrubu mbona haifanani na wenzake?" Fundi saa, aliyekuwa ameiweka mwenyewe usiku uliopita akidhani hakuna atakayejua, alikohoa kidogo na kumtuma akateke maji.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1963. Katika ripoti zake zote walimu waliandika neno moja kwa mwandiko tofauti: maswali. Kisha alijiunga na chuo cha ufundi, akapata cheti cha kazi za bati na uchomeleaji Novemba 1967.

Januari 1968 aliajiriwa na kiwanda cha makopo kama mkaguzi wa vifuniko, na huko alikaa hadi tarehe 30 Juni 2003. Kazi ile aliipenda kweli. Kopo likiingia nyumbani kwetu lilikaguliwa kwanza, chini na juu, ndipo mama aruhusiwe kulifungua, na mboga ikiungua wakati huo lawama zote zilikuwa za mpishi.

Mama alikuwa karani wa vifurushi posta. Yeye ndiye aliyekuwa akipima maboksi madogo ambayo kijana mmoja wa kiwanda cha makopo alikuwa akitumiwa kila mwezi, na siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Samahani, kaka. Humu ndani huwa mna nini?"

"Treni."

"Kwa hiyo mtu mzima na akili zake timamu anatumiwa treni?"

Kesho yake yule kijana alirudi na kichwa kimoja cha treni, akakijaza ufunguo, akakiachia kitembee juu ya kaunta ya posta mbele ya foleni nzima. Kilianguka upande wa pili, mapajani mwa karani. Baba alidai mpaka mwisho kwamba hakukusudia. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1973, wakajaliwa watoto watatu. Pete ya ndoa aliikagua kwa lenzi mbele ya wakwe, na mama anasema hapo ndipo alipojua amejiingiza mwenyewe.

Mwaka 1979 chama cha wakusanyaji wa treni za kuchezea kilimchagua kuwa mwamuzi wa uhalisi. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mtu anakuletea kichwa cha treni cha zamani, nawe unamwambia kama kila kitu kiko kama kilivyotoka kiwandani, au kuna mkono uliopita baadaye. Baba alinusa. Alipapasa. Alitazama vile vikucha vya bati vinavyoshika paa na ubavu, kwa sababu kikucha kilichokunjwa mara moja kina mkunjo mmoja, na kilichofunguliwa kikakunjwa tena kina miwili, hata ukikibembeleza vipi. Mwishoni alitumia taa ya zambarau, ambayo rangi ya baadaye huwaka chini yake tofauti na ya mwanzo. Taa hiyo inataka giza, na nyumba yetu ilikuwa na madirisha mengi, kwa hiyo baba alifanyia kazi kabatini. Mchana mmoja mwenye nyumba alikuja kutafuta bomba linalovuja, akafungua kabati, akawakuta wanaume wawili wazima katikati ya magauni ya mama, mmoja ameshika treni. "Funga mlango, mzee," baba alimwambia kwa upole, "tunakagua." Kodi haikupanda mwaka ule, na sisi tunaamini ni kwa sababu mwenye nyumba aliogopa kurudi.

Hukumu zake aliziandika kwenye madaftari, moja moja, na zilifika elfu moja mia nne na kumi na tisa. Hakupindisha hata moja. Rafiki yake wa karibu alikosana naye miezi minane kwa sababu ya gurudumu.

Sasa lile la paa.

Jumapili, tarehe 9 Juni 1996, kwenye maonyesho ya chama, mama mmoja mshona mashela ya maharusi alileta kichwa cha kijani chenye ufunguo wake. Baba yake alikinunua kipya dukani na kumwapia kwamba hakijawahi kuguswa. Baba yetu akaingia nacho, na taa yake, katika stoo ya ukumbi isiyo na dirisha. Paa liliwaka tofauti na mwili. Vikucha vya paa vilikuwa na mikunjo miwili. Aliandika: paa limepakwa rangi upya, si halisi.

"Baba yangu amesema hakuna mkono uliokigusa," alisema yule mama. "Unataka kuniambia alinidanganya?"

"Mama, mimi nasema habari za rangi. Za baba yako sizijui."

Alikichukua kichwa chake, akakifunga kwenye kanga, akaondoka bila kuaga. Watu wa chama waliona mwamuzi amejibu vizuri. Hata sisi tuliona hivyo.

Miaka kumi na sita ikapita. Aprili 2012 duka moja la zamani lilifungwa, na stoo yake ikatoa boksi la kiwandani lililokuwa bado na kamba yake na lakiri yake, lisilofunguliwa tangu lifungwe. Baba aliitwa alifungue mbele ya mashahidi. Mlikuwa na vichwa sita vya kijani. Akaenda navyo gizani, akatoka, akaketi sakafuni na suruali yake ya Jumapili. Vyote sita vilikuwa na paa linalowaka tofauti na vikucha vyenye mikunjo miwili. Kiwanda chenyewe ndicho kilichofungua mapaa yale, kikayapaka kijani kingine, kikayarudisha. Ule mkono wa baadaye ulikuwa wa kiwanda.

"Yule mzee alisema kweli," baba alisema. "Na mimi nimemfanya mwongo mbele ya mwanawe."

Jioni ile hakula. Jina la yule mama lilikuwa kwenye daftari, lakini mtaa aliouandika ulishabomolewa kupisha barabara. Kwa miaka karibu saba aliingia kila duka la mashela aliloliona, mzee mzima, peke yake, akitazama rafu badala ya nguo. Katika duka moja aliulizwa harusi yake ni lini. Mwaka 2017 daktari aligundua moyo wake umechoka na kumkataza ngazi. Mengine aliyatii yote. Maduka ya ghorofani aliendelea kuyapanda, akipumzika kila ngazi ya tano, na mama nyuma yake amebeba dawa na kununa.

Aliyempata ni mjukuu wake mmoja, aliyekuwa karibu kuolewa. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 2 Februari 2019, alikuwa amesimama anapimwa kiuno katika chumba cha mshonaji, akaona nyuma ya mashine kichwa cha treni cha kijani kimepachikwa rili za uzi. Alipiga simu akiwa bado na pini mwilini. "Babu, usikimbie. Nakwambia taratibu. Nimekiona."

Babu alifika amevaa tai. Mshonaji alimtambua kabla hajafungua mdomo, na uso ukamkunjamana. Baba alivua kofia.

"Dada yangu, mwaka tisini na sita nilikosea. Paa lako ni la kiwandani. Baba yako alisema kweli. Nimekuja kuliandika hilo, na nimechelewa sana."

Yule mama alionyesha mlango wa nyuma. "Usiniambie mimi," alisema. "Mwambie mwenyewe. Yuko ndani anakunywa uji."

Mzee alikuwa na miaka tisini na minne, akiwa ameketi karibu na dirisha la chumba cha nyuma. Baba alimsomea hukumu mpya kwa sauti, na tarehe yake, kisha akampa mkononi. Mzee akaishika kichwa chini, binti yake akamgeuzia.

"Miaka ishirini na mitatu," mzee alisema, "nikisema mvua itanyesha, humu ndani wanasema, kama lile paa. Nikisema nimeshakunywa dawa, kama lile paa. Wajukuu wamezaliwa wameukuta huo msemo." Akamgeukia binti yake. "Huu uji hauna sukari."

Mshonaji alienda kuleta sukari huku analia na kucheka. Aliporudi alipiga goti mbele ya baba yake na kumwomba radhi, na baba yetu akatoka nje kwa sababu machozi yake hakutaka yakaguliwe na mtu.

Tangu siku hiyo wazee wale wawili walikutana kila Jumatano. Wakikijaza ufunguo kile kichwa na kukiachia kizunguke chini ya meza ya kukatia vitambaa, baba alicheka mpaka mshonaji akahofia moyo wake. Daktari alisema hiyo ni dawa ambayo yeye hana. Shela lilikwisha, harusi ikafana, babu akacheza nyimbo mbili akiwa ameketi.

Agosti alilazwa siku kumi na moja, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 17 Septemba 2019, saa nne asubuhi, kitandani kwake, mama akimsomea gazeti. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Tunahuzunika sana, na tukikutana wawili watatu tunajikuta tunacheka.

Ameacha mke, watoto watatu, wakwe, wajukuu saba, dada wawili, na chama kizima kisichojua sasa kimuulize nani.

Mzee wa lile paa yuko hapa leo, safu ya mbele. Tulipokuwa tunaandika orodha hii tulimuuliza kama angependa kuwekwe neno lolote kwa niaba yake. Akasema: "Andikeni kwamba alikuwa mtu mkweli. Wakiuliza nani kasema, semeni nimesema mimi."

Tumeandika, na tumeamini. Mungu ampe baba yetu mapumziko ya amani.