Pipa Lisilo na Lebo: Maneno ya Wafanyakazi wa Chumba cha Mashine

Mgeni rasmi, Mkaguzi Mkuu wa Afya Kazini, meneja wetu, kaka na dada zetu wa kiwandani,

KARIBU
Karibu katika chumba chetu cha uchapaji. Utuwie radhi kwa harufu. Sisi hatuisikii tena. Mimi ni msoma prufu tu. Aliyepaswa kusoma risala hii ni Babu Rola, fundi wetu mkongwe. Yule pale kitini, sauti imemwishia.

TULIKOTOKA
Kwa miaka kumi na minne tumechapa vitabu vya shule humu. Madirisha yamezibwa ili karatasi zisipeperuke. Kila tunapobadilisha rangi, tunafuta rola za mashine kwa tambara lililolowa dawa ya pipa la bluu, mikono mitupu.

TULIYOFANIKIWA
Hakuna muhula ambao watoto walikosa vitabu kwa sababu yetu.

YANAYOTUSIBU
Mwenzetu wa kwanza alipopata macho ya manjano, tulimcheka.

"We shemeji, umenawa uso kwa wino?"

"Nangoja bluu," akajibu, "nichanganye nitoke kijani!"

Wiki hiyo tulikuwa tunachapa manjano, kila mtu anayo hadi kwenye kucha. Tukampa sabuni. Miezi mitano baadaye tulimzika. Ilikuwa saratani ya mirija ya nyongo. Wa pili hatukumcheka sana. Wa tatu ni Babu.

Uongozi unasema ni bakteria, kwa kuwa Babu alikuwa na homa za mara kwa mara. Daktari alitueleza kwamba bakteria wanaweza kupanda hadi kwenye mirija ya nyongo na kuiacha na uvimbe usiopona. Kemikali ikipita hapo kila siku, saratani inapata pa kuanzia. Kipi kilitangulia, hawezi kuapa. Akauliza, "Hiyo dawa inaitwaje?" Lebo hukwanguliwa kabla pipa halijatufikia.

MAOMBI
Tunaomba jina la dawa hiyo. Tunaomba madirisha yazibuliwe, na sisi tulio wazima tupimwe, kama ni wazima. Babu hana ombi. Aliniambia, "Andika hivyo, mwanangu. Msije mkaniombea mimi mkapoteza nafasi."

Mgeni rasmi, nakala yako tumeichapa asubuhi hii. Rola tulizifuta kwa dawa ileile, hatuna nyingine. Tafadhali, inuse kabla hujaikunja.

Mungu akufikishe kwako salama, na akulindie macho yako.

Ni sisi, wafanyakazi wa chumba cha mashine, kumi na mmoja tuliobaki.