Sindano ya Sita

Annick aliketi dirishani katika teksi ya abiria iendayo Kisugu, mikono ameificha chini ya kitenge. Mbalanga ilikuwa imekula rangi ya mikono hiyo, na tangu hapo hata kanisani watu walimpa amani kwa kuinamisha kichwa tu, bila kumshika mkono.

Abiria wa kando yake, mzee Kidega, mwanajeshi mstaafu asiyejua haya ya kuuliza, alikwisha kuisoma karatasi ya kliniki iliyokuwa mapajani mwa Annick. "Hiyo sindano ni ya nini, nyabo?"

"Ni dawa inayojaribiwa, papa. Wanasema askari wa mwili wangu wanashambulia rangi yangu mwenyewe, na sindano inawatuliza. Lakini wengine tunachomwa maji tu, na hatuambiwi nani kapata nini. Leo ilikuwa ya sita, na sioni mabadiliko. Nafikiri sitarudi."

"Mimi najua askari," mzee alisema. "Wanachelewa kurudi kambini. Leta mkono."

Hakuna mgeni aliyewahi kumwomba hivyo. Annick akautoa. Kidega akavaa miwani, akaupokea kwa viganja viwili kama mtu aliyeokota kifaranga. "Iko rangi hapa. Ndogo ndogo, kama ulezi."

"Ni uchafu, papa."

Mzee akapangusa kwa leso. Vidoa vya kahawia havikutoka.

"Basi ni jua," Annick alisema.

"Ni dawa."

"Ni jua, papa."

Teksi ikasimama kwenye kituo cha Annick. Kondakta akafungua mlango, akamhimiza Annick ashuke.

"Ngoja kwanza," mzee alimkemea kondakta bila kuinua macho. "Mimi bado nahesabu."