Kumuaga Nekesa, Aliyeidai Serikali Mkono Wake

Mheshimiwa Afisa wa Ubalozi, uliyechelewa kama ilivyo desturi ya vyeo. Bi Shirleen, mwandishi wa madai yetu, uliyetoka Jeddah na mafaili yako. Viongozi wa chama chetu cha mtaa huu wa Manfuha. Ndugu wageni waalikwa, pamoja na nyinyi wa nyuma mliofuata harufu ya pilau: hamjambo?

Mbele yenu amesimama Mzee Ephraim, mtu aliyeishinda serikali mahakamani, peke yake, bila wakili, kwa Kiarabu. Naona Bi Shirleen ananikazia macho. Haya basi, nilikuwa shahidi tu. Haya tena, shahidi aliyekaribia kuiua kesi. Mmeridhika?

Nekesa mnamjua. Anasafisha zile ofisi za Olaya ambako mimi ni soja wa lango. Miaka mitatu iliyopita, mbele ya macho yangu, kijana wa pikipiki alimnyang'anya simu, akamwangusha, mkono ukavunjika. Hapo akafanya kosa kubwa: akaenda polisi. Kituo sikitaji, ikama yangu, hicho kibali cha kukaa, inaisha mwezi ujao.

Wakamwuliza, "Ikama?"

"Iko kwa simu."

"Na simu?"

"Iko kwa mwizi."

"Yalla, ingia ndani!"

Jameni, aliyeibiwa akalala ndani siku kumi na tisa, mkono umefungwa kwa leso, mpaka kafili wake, yule tajiri aliyemdhamini, akaja kutoka Jeddah na kadi yenyewe. Na mwizi alilala wapi? Kwao! Mkono ukaunga vibaya. Hadi leo haupiti bega, na huyu msichana, akitoka ofisini, ni msusi.

Sasa niwaulize: serikali ikikukosea, unaishtaki kwa nani? Kwa serikali! Nilimwambia Nekesa, hiyo ni kumshtaki mamba kwa mamba mwenzake. Akanijibu, "Mzee, mwizi hapatikani. Lakini kituo hakijahama."

Bi Shirleen akaandika madai. Kwenye karatasi ya ushahidi paliulizwa saa. Mkalimani akataka kunisaidia, nikamwambia mafi mushkila, hakuna shida, tarakimu za Waarabu nazijua, nikaandika mbili kwa mkono wangu, kwa fahari. Watu walikuwa wanatoka sala ya isha, saa mbili ya usiku, nani asiyejua? Kumbe Nekesa, aliyezoea kusoma saa za ofisini, aliandikisha nane.

Siku ya kesi, wakili wa serikali akainuka akitabasamu. "Huyu anasema mbili, huyu nane. Mwongo ni yupi?"

Nikamwona Nekesa akiushika ule mkono wake. Miaka mitatu yote ilikuwa imening'inia kwenye tarakimu yangu! Nikapaza sauti: "Bwana Jaji, kwetu jua likizama tunaanza kuhesabu upya. Giza likiwa na umri wa saa mbili, hiyo ni saa mbili!"

Wakacheka wote isipokuwa jaji. Akavua miwani taratibu. "Babu yangu kule Jeddah alikuwa na saa ya ukutani aliyoirekebisha kila magharibi," akasema. "Mbili yake ndiyo nane yetu. Endelea."

Na hukumu ikasema: aliyekimbilia mlango wa serikali akiwa ameumia, hafungiwi nje, wala hafungiwi ndani. Serikali ikalipa matibabu, zile siku kumi na tisa, na mkono. Kiasi sisemi, mtamkopa kabla hajafika uwanja wa ndege. Lakini nyinyi mliolalia makaratasi ya madai yenu chini ya magodoro, mnangoja yaanguliwe?

Nekesa, binti yangu, kesho unarudi Webuye kufungua saluni. Umesema wasichana wenye mikono mizima watasuka, nawe utawafokea. Kazi hiyo unaiweza, hata mimi umeshanifokea.

Kwa kunivumilia mpaka pilau ikapoa, asanteni sana. Ila siketi bado. Bi Shirleen, siku ile pale mahakamani uliniahidi nakala ya ule ukurasa wa hukumu wenye jina langu na mhuri. Mkabidhi Nekesa leo hii, ampelekee mke wangu Lois. Kiarabu hajui, lakini mhuri anauheshimu, na tangu tuoane anasema neno langu haliaminiki hata na kuku. Ukurasa mmoja tu, mama. Umo kwenye hilo faili la kijani, nimeuona.